Kabla ya Kununua Kompyuta: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Mwatate

Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10. Ndio watoto waliofanya mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 mwaka 2022, wakaingia sekondari msingi Januari 2023, kisha wakafanya mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 mwishoni mwa 2025 pamoja na wenzao zaidi ya milioni moja kote nchini. Watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Kazi nyingi watakazozikuta huko mbele zitagusa mashine kwa njia moja au nyingine, hata kama kazi yenyewe ni kufuga nyuki Sagalla au kuchonga vito mjini Voi.

Kwa hiyo mikutano ya wazazi, kuanzia Bura hadi Rong'e, haikosi mtu wa kuuliza: shule yetu itapata kompyuta lini? Swali ni zuri, ila lina maswali mengine yanayopaswa kulitangulia. Mwongozo huu unayafuata hayo ya mwanzo, kwa sababu shule iliyoyajibu itafaidika hata na kompyuta moja, na shule iliyoyaruka haitafaidika hata ikiletewa hamsini.

Tumeshapitia hali hii mara mbili

Mara ya kwanza ni mfumo wa 8-4-4. Ulipoanza Januari 1985, kufuatia ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981, lengo lilikuwa kijana atoke shuleni akiwa na ufundi mikononi. Wazazi walifanya harambee, wakafyatua matofali, wakajenga karakana za useremala na vyumba vya sayansi kimu. Lakini walimu waliosomea ufundi walikuwa wachache, vifaa vilikuwa ghali, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ukayapima masomo ya mikono kwa maswali ya kuchagua A, B, C au D. Mtoto aliweza kupata alama nzuri za useremala bila kushika randa. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa na karakana nyingi zikawa stoo.

Mara ya pili ni ahadi ya 2013 ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta yake. Kuanzia 2016 serikali ilisambaza zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Hilo si jambo dogo, na wako walimu waliovitumia vizuri sana. Hata hivyo, shule nyingi zilivifungia kabatini. Hofu ya wizi ilichangia, umeme haukuwa wa kutegemewa, mwalimu aliyefunzwa alihamishwa, na betri zikafa taratibu bila mtu wa kuzibadilisha.

Haya hayakutokea Kenya peke yake. Peru iligawa laptopu kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, wengi wao wa vijijini. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulipolinganisha shule zilizopewa na zilizokosa, haukuona tofauti katika alama za hisabati wala lugha. Kifaa kilifika, lakini ufundishaji haukubadilika.

Sasa mtazame Mwalimu Peter Tabichi wa Shule ya Mseto ya Kutwa ya Keriko, Njoro, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti ya kubahatisha. Alikuwa akienda saiba kupakua masomo, kisha anayarudisha darasani na kuyaonyesha bila mtandao. Chama chake cha sayansi kilitoa wanafunzi waliobuni kifaa cha kuwasaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu, nao wakafuzu kwenda Marekani kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi. Keriko ilikuwa na mwalimu aliyejua anachokitafuta, na watoto waliopewa swali la kweli.

Fungueni kabati kwanza

Kabla ya kuchanga hata shilingi, bodi ya usimamizi na chama cha wazazi wamwombe mwalimu mkuu afungue kabati. Shule ya msingi iliyopata mgao wa serikali ilipokea vishikwambi vya wanafunzi, vifaa viwili vya walimu, projekta, ruta, na seva ndogo yenye masomo ndani yake. Seva hiyo ndiyo hazina inayosahaulika mno. Ikiunganishwa na ruta, watoto wanasoma yaliyomo kwenye vishikwambi bila intaneti na bila bando.

Andikeni kila kifaa na hali yake: kinawaka, hakiwaki, skrini imevunjika, chaja imepotea. Betri iliyovimba isichajiwe kamwe. Iondolewe darasani, maana inaweza kushika moto. Vilivyokufa visitupwe shimoni pamoja na taka za kawaida, kwa sababu vina madini ya sumu. Vipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Huenda mkagundua kwamba vifaa kumi na vitano kati ya arobaini bado vinafanya kazi. Kumi na vitano vinatosha. Watoto watatu wakitumia kifaa kimoja na kubadilishana zamu hujifunza pia kuelezana, mradi mwalimu ahakikishe mmoja hakai kwenye kitufe kipindi kizima. Katika vikundi vyenye wavulana na wasichana, waangalieni sana wasichana. Mara nyingi wao ndio hupewa kazi ya kuandika daftarini huku mvulana akishika kifaa. Zamu zipangwe kwa majina.

Ikibidi kununua, kompyuta zilizotumika na kukarabatiwa zinatosha kwa kazi za shule. Shirika la Computers for Schools Kenya limefanya kazi hiyo ya kukarabati na kuzipeleka shuleni kwa miaka mingi. Programu za bure zipo tele. LibreOffice inafanya maandishi na lahajedwali, na Kolibri ni maktaba ya masomo iliyoundwa mahsusi kwa sehemu zisizo na mtandao. Scratch nayo inamfundisha mtoto kuandika programu kwa kupanga vipande vya rangi. Inaweza kusakinishwa itumike bila intaneti, na ina Kiswahili. Kwa mtoto asiyeona ipo NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini.

Kuna mambo ambayo muuzaji hatayataja, kwa hiyo bodi iyaandike kabla ya kusaini chochote. Nani atatengeneza kifaa kikiharibika, na kwa fedha za fungu gani? Umeme ukipotea siku mbili, somo linaendeleaje? Chumba kitakingwaje na vumbi? Mtu yeyote anayeujua upepo wa kiangazi wa huku anaelewa kwa nini naliuliza hili: vumbi jekundu likiingia kwenye feni ya kompyuta huimaliza upesi kuliko matumizi. Pazia zito, sakafu inayopigwa deki badala ya kufagiwa na kifuniko cha kitambaa ni gharama ndogo. Swali la mwisho ni la ufunguo. Ukikaa na mtu mmoja, siku asipokuwepo hakuna somo. Ukae na wawili, na ratiba ya matumizi ibandikwe mlangoni.

Mvua, mti na jiwe

Hapa ndipo nataka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi wa kidijitali haihitaji skrini. Anayeunda programu, anayetabiri hali ya hewa au anayesimamia mitambo ya kiwanda hufanya mambo yaleyale ya msingi: anapima kwa uangalifu, anaandika bila kudanganya, anatafuta mpangilio katika namba, kisha anauliza kwa nini. Mwatate ni mahali pazuri mno pa kumfundisha mtoto haya.

Anzeni na mvua. Huku hakuna jambo linalozungumzwa kuliko mvua, na ni shule chache zinazoipima. Chukueni chupa ya plastiki iliyonyooka, mkate sehemu ya juu na kuipindua iwe kama faneli. Kwa kuwa kitako cha chupa hakiko sawa, tieni maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka na kuchora alama ya sifuri, kisha bandikeni rula kuanzia hapo. Kifungeni kipimo hicho kwenye mlingoti mfupi, juu kidogo ya ardhi ili matone yanayoruka yasiingie, na mbali na paa na miti. Umbali wa mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu unafaa. Kisomwe kila siku ya shule saa tatu asubuhi, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua iandikwe 0, isiachwe wazi, kwa sababu nafasi tupu inaweza kumaanisha kwamba mtu alisahau. Usomaji wa Jumatatu utakuwa jumla ya siku tatu na uandikwe hivyo. Kwa wakati wa likizo, mfunzeni bawabu akisome.

Muhula mmoja ukiisha mna namba zenu wenyewe. Mtoto wa Gredi ya 5 achore grafu kwa mkono. Wa Gredi ya 8 aziingize kwenye lahajedwali na kutafuta jumla, wastani na siku iliyopata mvua kubwa zaidi. Kisha mwalimu awape swali lenye uzito. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Darasa lenye paa la mita 20 kwa 8, likipimwa chini, lina mita 160 za mraba, hivyo mvua ya milimita 10 inaleta lita 1,600. Tuseme asilimia 15 inamwagika au kukauka. Zinabaki lita 1,360. Tangi la lita 10,000 litajaa baada ya milimita ngapi? Jibu ni 74 hivi. Je, mvua ya vuli iliyopita ilifika hapo? Ikiwa ilifika na tangi halikujaa, nendeni mkaangalie mifereji ya paa. Hapo hesabu imeanza kuwaletea watoto maji ya kunywa.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kulinganisha. Shule ya Chawia iliyo mlimani na shule iliyo chini karibu na mashamba ya mkonge haziko mbali, lakini mvua zake hazifanani. Upepo unaotoka baharini hugonga Milima ya Taita, hupanda, hupoa na kuangusha maji huko juu. Walimu wawili wakitumiana namba kwa simu kila Ijumaa, watoto watauona mlima ukifanya kazi kupitia jedwali. Wajue pia kwamba hapohapo Wundanyi Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichunguza misitu, hali ya hewa na matumizi ya ardhi ya milima hii, pia kwa picha zinazopigwa kutoka angani. Wanasayansi hao wanatumia vyombo vya bei ghali, lakini maswali wanayouliza yanafanana na ya chupa yenu.

Mti nao unapimika. Pimeni mzingo wa shina kwa tepu ya fundi cherehani, mita 1.3 kutoka ardhini, mgawanye kwa 3.14. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha sentimita 30. Kipimo hicho, kwenye urefu huohuo, ndicho kinachotumika katika miradi ya kaboni. Mradi wa Kasigau ulianza kuuza hati za kaboni mwaka 2011, na kazi zake za msingi ni pamoja na wenyeji kupita msituni na tepu na kifaa cha GPS wakipima miti. Mtoto anayejua kupima mti na kuandika mahali ulipo ameshaona jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Jiwe ndilo litakalowaamsha walio nyuma ya darasa, hasa katika shule zilizo karibu na machimbo kama Kamtonga. Tsavorite, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo mwaka 1974, kinatoka katika ardhi hii, na bado wachimbaji wadogo wengi huuza jiwe ghafi bila kujua lina nini. Katika maabara ya fizikia ya sekondari kuna jaribio la zamani la kupima msongamano. Pimeni jiwe hewani, kisha mlipime likiwa limening'inizwa ndani ya maji. Gawanyeni uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Jiwe la gramu 36 linaloonyesha gramu 26 ndani ya maji lina msongamano wa 3.6, ambao ni wa kundi la tsavorite. Kioo cha chupa ya kijani kinatoa takriban 2.5. Kipimo hiki peke yake hakithibitishi kito, maana yako mawe mengine yenye msongamano kama huo, lakini kinamwokoa mtu asiuziwe chupa. Kwa jiwe dogo itahitajika mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mwanafunzi atakayevutiwa ana pa kwenda. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kinafundisha uhandisi wa madini papa hapa kaunti, na Voi kuna kituo cha vito.

Mradi wa aina hii ukikua, upelekeni kwenye mashindano ya kitaifa ya sayansi na uhandisi, ambayo huanzia ngazi za chini na kupanda hadi taifa. Nawasihi walimu wasiwaandikie watoto mradi. Jaji akiuliza swali la pili, mtoto aliyepima mwenyewe atajibu.

Darasa lisilo na umeme

Mwalimu asiye na kifaa hata kimoja anaweza kufundisha jinsi kompyuta inavyowaza. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake walitunga mazoezi ya aina hii na kuyatoa bure kwa walimu wa dunia nzima. Kateni kadi tano za katoni, mzichore nukta 16, 8, 4, 2 na 1, kisha watoto watano wasimame mbele kila mmoja na yake kwa mpangilio huo. Anayeonyesha nukta ni 1, anayeficha ni 0. Darasa litaje namba 19. Wa 16, wa 2 na wa 1 wanageuza kadi zao, na ubaoni inaandikwa 10011. Waongezeeni mtoto wa sita na waulizeni kadi yake itakuwa na nukta ngapi na sasa wanaweza kufika namba ngapi. Baada ya kipindi kimoja wanaelewa kwa nini kumbukumbu za simu huuzwa kwa 32, 64 na 128.

Mazoezi haya yanaingia vizuri katika Pre-Technical Studies ya sekondari msingi, somo ambalo sasa linabeba kompyuta, biashara na maandalizi ya ufundi kwa pamoja. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha pia mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, kwa hiyo mwalimu anayeanza na kadi hajatoka nje ya mtaala.

Gredi ya 9: kuchagua mkondo

Wazazi wengi hugundua umuhimu wa kujiandaa kuchagua mkondo wakati muda umekwisha. Alama za KJSEA hazitokani na mtihani wa Gredi ya 9 pekee. Asilimia 60 ni mtihani huo, 20 ni KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 ni tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na 8. Ile miradi inayoonekana kama mchezo wa makaratasi ina alama ndani yake. Mzazi wa Gredi ya 7, mwaka wako wa kufuatilia ndio huu.

Sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, ina mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao watu huuita STEM, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Serikali imelenga takriban asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, hisabati na mafunzo ya huduma kwa jamii, halafu anachagua masomo matatu. Chungeni hapo kwenye hisabati. Walio STEM husoma hisabati nzito, wengine husoma iliyo nyepesi zaidi. Mtoto anayeota uhandisi lakini akaepuka ile nzito kwa hofu ya mwaka mmoja atakuwa amejifungia mlango mapema.

Vilevile STEM si fizikia na kemia pekee. Ndani yake kuna umeme, ufundi chuma, ujenzi, useremala, mitambo ya magari, kilimo na kompyuta. Mtoto anayefungua redio na kuirudishia, mahali pake panaweza kuwa hapo, hata kama hapendi kukariri.

Kabla ya kujaza uchaguzi wa shule, ulizeni kila shule maswali haya uso kwa uso. Je, mchanganyiko wa masomo aliouchagua mtoto unafundishwa kweli, au uko kwenye orodha tu? Mwalimu wake yupo, na ameajiriwa na tume ya walimu, TSC, au na bodi? Maabara ina vifaa? Kama jibu la somo la kompyuta ni kwamba mwalimu bado anatafutwa, shule ya kutwa iliyo karibu yenye mwalimu aliyekaa inaweza kumfaa mtoto kuliko bweni lenye jina kubwa. Kwa atakayependa kwenda moja kwa moja kwenye ufundi baada ya sekondari, Coast Institute of Technology iko Voi, na vyuo vya ufundi vya kaunti viko karibu zaidi na nyumbani.

Saiba, akili unde na kazi ya nyumbani

Mzazi anayeishi kwa kibarua hatakiwi kulipia saiba kila wiki ili mtoto apeleke picha ya rangi ya wanyama wa Tsavo. Walimu, tafadhali, agizeni vitu vinavyopatikana: majani, udongo, mahojiano na nyanya, bei za nyanya na sukumawiki sokoni Mwatate kwa wiki nne. Wazazi nanyi, mkiona kazi inadai fedha msizonazo, mwambieni mwalimu mapema. Msiifanye kazi wenyewe usiku ili mtoto asichekwe.

Sasa pameingia programu za akili unde zinazoandika insha kwa sekunde chache. Kuzikataza kabisa hakutafanikiwa, maana ziko kwenye simu ya mzazi, na kijana atazikuta kazini. Kilicho cha lazima ni mtoto kujua kwamba programu hizo hupanga maneno yanayofuatana vizuri, na kwamba zinaweza kueleza uongo kwa ufasaha uleule zinaoeleza ukweli. Zoezi zuri ni hili: darasa liiulize programu kuhusu kijiji chao, kisha watoto waandike kosa kila wanapolikuta, wakithibitisha kwa wazee na kwa ramani. Kwa kazi za nyumbani, mwalimu aulize kitu ambacho mashine haiwezi kukijua, kama milimita zilizosomwa kwenye chupa ya shule Jumanne iliyopita. Halafu mtoto asimame na kueleza kwa mdomo alichokiandika. Dakika mbili zinatosha kujua kama ni chake.

Wala msipunguze kusoma. Mtoto asiyeweza kusoma ukurasa mmoja na kuuelewa hatasaidiwa na mashine yoyote, kwa sababu mashine nayo humjibu kwa maandishi. Sweden, iliyokuwa mbele katika kutumia vishikwambi madarasani, ilirudi mwaka 2023 kuwekeza katika vitabu vya karatasi kwa wadogo. Vitabu vya hadithi, vya Kiswahili na Kidawida, viwekwe mahali ambapo mtoto anavifikia bila kuomba.

Usalama wao

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na picha yake ni taarifa. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa. Shule ziwe na fomu ya ridhaa inayosainiwa kila mwaka. Matokeo ya mtihani yenye majina na namba za watoto hayafai kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.

Nyumbani, simu itumike sebuleni, si chumbani usiku. Mtoto ajue kwamba mtu wa mtandaoni akimwomba picha au siri, amwambie mtu mzima papo hapo bila kuogopa kupigwa. Wengi hunyamaza kwa hofu hiyo, na anayewawinda anaitegemea. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto na kuipiga ni bure.

Nani aulizwe nini

Malalamiko mengi hupotea kwa kupelekwa mlango usio wake. Chini ya Katiba ya 2010, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti, ambayo makao yake yako papa hapa Mwatate. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa: upungufu wa walimu unaelekezwa TSC, vitabu na fedha za mgao vinaelekezwa kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Madarasa, maabara na basari huombwa pia kwenye mfuko wa eneobunge, NG-CDF, kwa maandishi na kwa wakati. Mgao wa serikali kwa mwaka umepangwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, 15,042 kwa sekondari msingi na 22,244 kwa sekondari. Mzazi ana haki ya kuuliza kiasi gani kimefika na kimetumikaje.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipa kila shule bodi ya usimamizi na chama cha wazazi. Muhula ujao, mwenyekiti wa chama apeleke kwa bodi barua ya ukurasa mmoja yenye maombi matatu: hesabu ya vifaa vyote vya kidijitali vilivyopo na hali yake, jina la mwalimu anayevisimamia pamoja na msaidizi wake, na kiasi kilichotengwa kwa ukarabati mwaka huu. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ibandikwe ubao wa matangazo.